Mgeni Aliyeusoma Ukurasa Uliofichwa

Haya ninayoyaandika yalitokea mchana, jua likiwa utosini, nami nimekaa kwenye mkeka nikichambua mchele. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Elimu yangu iliishia darasa la saba, kutunga siwezi. Ningekuwa naweza, ningetunga kisa ambacho mimi mwenyewe sionekani mjinga. Hiki nimekiona kwa macho yangu. Atakayekataa kuamini simlaumu, maana hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningemtazama tu.

Ninaishi Chole, kisiwa kidogo mkabala na Utende, kwetu Mafia. Mume wangu Haji, Mungu amrehemu, alijenga vyumba viwili vya wageni nyuma ya nyumba yetu, tukaviita Mkungu kwa ajili ya mti ulioko uani. Yeye alipokea wageni, mimi nilipika. Mdogo wake, Seif, aliyesomea mambo ya kompyuta, akatutengenezea websaiti. Hapo mwanzo mgeni alitupata kwa kuelekezwa gatini, tena kwa bahati. Baada ya websaiti, watu wakawa wanaandika kabla hawajaanza safari. Mtu yuko Arusha, hajawahi kuiona bahari, anajua kuwa kwangu kunapikwa pweza wa nazi. Haji alikuwa akinisomea ujumbe wao kwa sauti kubwa ili majirani nao wasikie.

Haji alifariki ghafla. Hilo sitaliandika zaidi, kwa sababu sijui niliandikeje.

Nikakaa eda. Kwetu mjane aliye edani hatoki ovyo, hajipambi, wala wanaume wa kando hawaingii kwake. Mama mkwe wangu, Bi Hidaya, alihamia kwangu kipindi chote. Yeye amefiwa na mwana, mimi nimefiwa na mume, na bado ndiye aliyekuwa akinilazimisha kula. Vyumba vilifungwa. Sikuwa na akili ya wageni hata kidogo.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikabadili nguo, nikafungua vyumba, nikaanika magodoro. Nikasubiri, hakuja mtu. Nikasema labda msimu bado. Msimu ukafika, watalii nikawaona wakishuka gatini, wakapita mbele ya nyumba yangu kwenda kutazama popo na magofu, kisha wakarudi zao Utende kulala. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia.

Nikachukua simu, nikaandika jina letu mahali pa kutafutia. Zikaja hoteli za Utende, yakaja maelezo ya miti ya mikungu na faida zake, ikaja hata picha ya mlima, sijui wa wapi. Sisi hatumo. Lakini nikiandika anwani yenyewe, herufi kwa herufi, websaiti inafunguka, na picha za vyumba vyangu zimo. Mnanielewa? Ni kama nyumba iliyosimama palepale ilipojengwa, ila ukimuuliza mtu yeyote njiani anasema haijui.

Nikampigia Seif, ambaye wakati huo alikwisha kupata kazi Mtwara. Akafungua hukohuko, akaniambia ni nzima kabisa, websaiti ndogo ikikaa bila kuguswa huchelewa kuonekana tena kwenye utafutaji, nivute subira. Nikavuta subira. Huku nyuma wakubwa wa ukoo wa Haji wakaanza kusema. Walisema vyumba viuzwe, kuna mtu wa Kilindoni anavitaka, nami nirudi kwetu Baleni nikalime muhogo na dada yangu. Hawakusema kwa ubaya. Walinihurumia, na huruma ya wakubwa huwezi kuikataa hivi hivi, lazima uwe na la kuonyesha. Mimi sikuwa nalo. Nikawaomba waningoje mpaka Ramadhani iandame, wakakubali.

Udongo wa kuta zile niliukanda mimi. Maji yake niliyateka mimi. Niliona wazi kwamba siku vyumba vitakapouzwa, nitakuwa nimemzika Haji mara ya pili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hiyo Bi Hidaya, ambaye bado alikuwa akikaa kwangu, alikuwa ameitwa kwenye arusi, nyumba nzima niko peke yangu. Nikasikia hodi. Nikainua uso, nikamwona mwanamke wa makamo amesimama mlangoni mwa ua, baibui lake jeusi limepauka kwa jua. Hakuvaa viatu. Mikono mitupu, hana hata kipochi. Nikamkaribisha, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kabla sijalimaliza neno. Nililiona hilo, nikalipuuza. Nani anamhesabia mgeni makosa ya salamu?

Nikamkatia dafu. Akaliinua kwa mikono miwili, akanywa muda mrefu, nikiona koo lake likipanda na kushuka, kisha akaliweka chini na kumshukuru Mungu. Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema Kisimani. Wasiopajua niwaambie, pale Ras Kisimani palikuwa na mji wa zamani ambao bahari imekwisha kuula, yamebaki magofu. Lakini maeneo ya jirani wanaishi watu, kwa hiyo sikushtuka.

"Mnalaza wageni hapa?" akaniuliza.

"Tunalaza, mama. Ila hawaji."

"Watakujaje, na nyinyi mmejificha?"

Nikamwambia hatujajificha, websaiti ipo, inafunguka. Akacheka kidogo, kama mama anayemcheka mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Naijua, nimeisoma yote. Eti wali wenu mlaini kama pamba. Ni kweli hayo?"

"Pweza ni kweli," nikasema. "Wali kuna siku unaniungulia."

"Basi bora wewe. Huyo aliyeandika alikuwa anakupenda, ushahidi wake haufai."

Nikacheka. Niaminini, tangu msiba sikuwa nimecheka. Naye akaendelea, akitazama ule mti wa uani, akasema kwamba yeye kilichompendeza zaidi ni ile salamu ya kwanza. Akaisema neno kwa neno: "Karibu Mkungu. Viatu viache mlangoni, njaa ingia nayo."

Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika.

Maneno yale ni ya Haji. Yalikuwa ukurasa wa mbele, chini ya picha yake akiwa amesimama uani. Wiki ya msiba mama yake hakuweza kuitazama ile picha, akamwomba Seif aiondoe, na Seif akaondoa picha pamoja na maneno. Hayakuwapo tena. Aliyekuwa akifungua websaiti siku ile alikuta vyumba na vyakula tu. Sasa huyu kayasoma wapi?

Nikamuuliza hivyohivyo. Akajibu, "Ukurasani," kama vile nimemuuliza jua liko upande gani. Kisha akanisogelea. Macho yake yalikuwa ya kawaida, kama yangu na yenu, nayasema haya kwa sababu watu huniuliza. Hata miguu niliitazama, ilikuwa miguu ya mtu.

"Shemejio alitia alama ndani ya hiyo websaiti, siku za eda yako," akasema. "Inaziambia mashine za kutafutia zisiiorodheshe nyumba hii. Mwambie aitoe. Eda imekwisha, mwanangu."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Akainuka, akaaga, akatoka uani kwa miguu yake, akashika njia ya gatini. Hakuyeyuka, hakupaa. Alikwenda kama anavyokwenda mtu yeyote mwenye safari. Mimi nilibaki mkekani nikiuzoa ule mchele. Nilipoinuka, nikataka kwanza kuliondoa lile dafu.

Lilikuwa limejaa mpaka juu.

Nililimwaga mwenyewe ardhini, maji yakatoka yote, nikayatazama yakinywewa na mchanga. Ndipo nikakimbia gatini bila hata viatu. Njia ni moja. Nikamkuta Makame, mvushaji, amekaa kwenye mashua yake anakula muhogo wa kuchoma. Nikamuuliza amemvusha wapi mama mwenye baibui lililopauka.

"Mama gani, dada? Leo nimevusha mbuzi na mwenyewe, na mbuzi ndiye aliyenisalimia."

Nikamwambia asinifanyie mzaha, huyo mama ametoka kwangu sasa hivi. Akaacha kutafuna. Akaniapia kuwa hajamleta mtu wa namna hiyo wala hajamwona akipita, na mashua nyingine siku hiyo haikuwapo. Maji nayo yalikuwa yamejaa, hakuna pa kuvuka kwa miguu.

Nilirudi nyumbani nikaswali, kisha nikampigia Seif. Sikumsimulia lolote. Nilimuuliza tu kama kuna alama yoyote aliyoitia kwenye websaiti siku za eda.

"Nani kakwambia, shemeji?"

Kisha akanieleza. Siku zile za msiba mama yake alimwagiza azime biashara ya mtandaoni mpaka nitoke eda, ili wanaume wageni wasije kubisha hodi kwa mjane. Ni agizo la adabu, mama yeyote wa kwetu angelitoa. Seif hakupenda kuifuta websaiti ambayo kaka yake aliipenda, na hakuwa na moyo wa kubishana na mama. Akaingia kwenye mipangilio akakuta pa kutia tiki, ya kuziomba mashine za kutafutia zisiiorodheshe. Aliona hilo ndilo la kistaarabu zaidi, kwamba nyumba ibaki ila isitangazwe. Akatia tiki. Kisha akapata kazi, akasafiri, likamtoka kichwani. Na kwa kuwa kila alipofungua kwa anwani aliiona vizuri, hakushuku kitu.

"Niliitia nikiwa nalia," akasema. "Sikumwambia mtu, wala mama sikumwonyesha. Hakuna anayejua ila mimi."

Hapo ndipo nilipomsimulia. Hakucheka. Akaitoa ile tiki tukiwa bado tunazungumza, akanieleza kuwa kuna mashine zinazopita kwenye websaiti zote duniani zikisoma na kuweka kumbukumbu, na mtu akitafuta huonyeshwa zilizomo kwenye kumbukumbu hizo tu. Yetu ilikuwa imewaambia wapitaji waiache, nao wakatii. Akatuma ramani ya kurasa zetu zote, akaomba zipitiwe upya. Akanionya kuwa haitakuwa siku hiyohiyo.

Kweli haikuwa. Nilikuwa nikitafuta kila nikimaliza kuswali alfajiri, sipati kitu. Asubuhi moja nikaandika jina, nikateremsha kidole, na chini ya zile hoteli za Utende nikaiona: Mkungu, Chole. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, ule wa mbele, zile nyingine zilifuata baadaye. Nikaweka simu kifuani, nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu Haji aondoke nililia bila kifua kuuma. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba mtungi kichwani muda mrefu hata akasahau kuwa unaweza kutuliwa.

Kabla Ramadhani haijaandama waliandika mwalimu mmoja wa Morogoro na mkewe. Wakaja, wakalala, wali nikauunguza, wakala na ukoko. Wakubwa wa ukoo walipowaona barazani hawakuzungumza tena habari ya mtu wa Kilindoni.

Bi Hidaya nilimweleza yote. Akasema, "Kumbe ni mimi niliyekufungia riziki." Nikamwambia hapana, mama, ulinifunika nikiwa na baridi. Akanishika mkono. Baadaye akaniuliza jina la mgeni, nikasema sikuuliza. "Mtu anakufanyia jambo kama lile, na jina humuulizi," akasema. "Ndiyo maana wageni ulimwachia Haji."

Sheikh wetu aliniambia nitoe sadaka, nisome, nisichimbe zaidi. Wengine wanasema jini, wengine wanasema mzimu wa Kisimani. Mimi sijui, na nisilolijua siliandiki. Ninalolijua ni kwamba tangu siku ile siwezi kukaa uani peke yangu jua likiwa utosini. Siogopi kudhurika. Naogopa asije akarudi akaniambia jambo jingine lililofungwa, nami bado sijawa tayari kulisikia.

Nawe unayesoma, nakuonya. Ukifiwa, watu watakufungia mambo kwa mapenzi. Watakufungia duka, simu, milango, na mambo usiyodhani kuwa yanafungika. Wewe hutaona kwa sababu unalia, nao watasahau kwa sababu nao wanalia. Siku utakayotoka msibani, wakalishe chini uwaulize mmoja mmoja: ulinifungia nini? Waulize mapema. Si kila mtu ataletewa mgeni.