Mjomba wa Timu Zinazofungwa

Shemeji yangu Merle Bastian hajawahi kuiba wala kulewa mbele za watu, na kanisani anaimba vibaya lakini kwa moyo wote. Hata hivyo, ukilitaja jina lake hapa mjini kwetu mwezi wa Agosti, watu wanacheka kwanza, halafu wanauliza, "Mwaka huu amepewa nani, masikini?"

Agosti ndiyo mwezi wa mashindano. Watoto wa miaka kumi na miwili wanakuja kucheza besiboli hapa Pennsylvania, kwenye uwanja wetu ng'ambo ya mto, kutoka Japani, Panama, Taiwan na kwingineko, na bingwa anarudi kwao akiitwa bingwa wa dunia. Kila timu inapewa mtu mmoja wa hapa wa kukaa nayo tangu ishuke kwenye basi mpaka ipande tena. Huyo ndiye anayewaamsha watoto, anayewapeleka kula, anayewatafutia soksi na kuwafuta makamasi. Tunamwita mjomba. Halipwi hata senti, na wazee wa hapa wanaugombania ujomba kuliko uzee wa kanisa.

Mpaka mwaka ninaousimulia, Merle alikuwa ameufanya miaka ishirini na moja, tangu akiwa fundi kwenye kiwanda cha kamba za chuma mpaka akastaafu. Timu ishirini na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa imefika fainali. Wabelgiji walichapwa kumi na tisa kwa sifuri. Wakanada waliugua matubwitubwi, wakabaki wanane, na mchezo unataka tisa. Wameksiko walikuja na mrushaji ambaye mpira wake ulikuwa hauonekani kwa kasi, akabanwa kidole na mlango wa gari asubuhi ya mechi ya kwanza. Gari la nani? La Merle, bila shaka.

Mimi ni Verna, mdogo wake Arlene, ambaye ndiye mke wa Merle. Nyumba yangu na yao zimetenganishwa na ua wa maua tu, na wakati wa mashindano nauza mikate ya soseji na pilipili hoho chini ya kilima cha uwanjani. Kwa hiyo haki ya kumcheka ninayo, na sijawahi kuiacha ilale.

Wajomba hugawiwa timu kwa kura, kwenye ukumbi wa zimamoto. Majina ya timu yanatiwa kwenye kofia, kila mmoja anachukua karatasi yake. Merle akiingiza mkono, ukumbi mzima unabana pumzi. Akishatoa, wenzake wanapiga makofi, maana mpinzani mmoja amekwisha.

"Aruba," akasoma mwaka huo.

"Jamani!" akasema Clair, kinyozi wetu, ambaye alikuwa mjomba wa Wajapani. "Kisiwa chenyewe kidogo namna ile, na bado mnakipelekea Merle?"

Waaruba wakaja, watoto kumi na watatu na kocha wao, Hubert Croes, ambaye kwao ni tarishi wa posta, mtu mpole asiye na haraka. Merle aliwapokea kwenye basi, na kabla hata mizigo haijashuka akamvuta kocha pembeni.

"Kocha, bora nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Mimi nina nuksi."

"Ya namna gani?"

"Timu yangu haishindi. Miaka ishirini na moja."

Kocha akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjomba," akasema, "sisi tumekuja na magongo manne, na moja lina ufa. Hiyo nuksi yako ipandishe tu kwenye basi, nafasi ipo."

Basi, Waaruba wakaanza kushinda. Waliwafunga Wakanada, tukasema ni bahati. Wakawafunga Wapanama, watu wakaacha kula soseji zangu wakatazama. Siku ya Alhamisi wakawafunga Wataiwani kwa pointi moja, na mrushaji wao Giandro, mtoto mwembamba mwenye mikono mirefu, akabebwa juu juu mpaka chumba cha kulia. Fainali Jumamosi, Aruba na Texas.

Mtu mwingine angefurahi akalala usingizi. Merle alirudi nyumbani akakaa jikoni na kofia kichwani, uso umempauka. Arlene akamwekea kuku na tambi, asile.

"Una nini wewe? Si mmeshinda?"

"Ndiyo hilo," akasema Merle. "Tumeshinda."

Arlene alinisimulia haya asubuhi yake, nami nikacheka mpaka nikashika ubavu. Kumbe mtu anaweza kuzoea kufungwa hadi ushindi ukampa homa! Sikujua kwamba shemeji hakuwa anatania. Alikuwa ameshawapenda wale watoto kupita timu zote zilizotangulia, na alijiona yeye ndiye atakayewakosesha.

Ijumaa nilimpeleka mume wangu kwa Clair kunyolewa, tukamkuta Merle kwenye kiti. Pale kwa Clair mtu hanyolewi nywele tu, ananyolewa na heshima.

"Merle, fainali kesho saa ngapi?" Clair akauliza.

"Saa tisa na nusu."

"Basi wewe saa mbili asubuhi uwe umeshavuka mpaka wa Ohio."

Wote kicheko. Mzee mmoja kwenye benchi akadakia, "Ohio karibu, Clair! Huyu nuksi yake inafika bila stempu."

"Watoto wa watu wamevuka bahari," Clair akaendelea huku mkasi unalia. "Wahurumie. Kaa nyumbani kesho, mbona hata runinga inaonyesha?"

Nami ulimi wangu hauna mfupa. Nikasema, "Shemeji, ukitaka kuwasaidia kweli, kavae fulana ya Texas ukakae upande wao!"

Walicheka mpaka Clair akaweka mkasi chini. Merle alicheka pia, lakini kidogo, kwa adabu. Ningekuwa na akili ningeona.

Jumamosi alimpigia kocha simu, akasema tumbo limemshika, haji. Arlene akamwambia, "Tumbo gani? Lako linasaga hata misumari!" Merle alitoka nje akawasha mashine ya kukatia nyasi, ili asisikie redio ya jirani yeyote. Akakata nyasi zake. Akaja kwangu akakata zangu, ambazo mume wangu alikuwa amezikata Jumatano. Akaenda kwa jirani yetu bibi Ulrich, akampunguzia na maua. Wakati mechi inaanza alikuwa anaelekea kanisani na mashine yake.

Mimi nilikuwa kwenye soseji zangu, na uwanja nauona vizuri. Waaruba waliongoza mbili kwa sifuri, Texas wakasawazisha, Giandro akapiga mpira ukaruka uzio, ikawa tatu kwa mbili. Watu wa mji wetu nusu walikuwa wameshahama Texas kwa jinsi walivyowapenda wale watoto. Ikafika zamu ya mwisho ya Texas kupiga. Wawili walikuwa wameshatolewa, amebaki mmoja tu wa kutolewa ubingwa uende kisiwani. Wawili wengine wa Texas walikuwa njiani, wanangoja kukimbia.

Mtoto wa Texas akapiga mpira juu, juu kabisa, mpira ambao ukidakwa tu aliyeupiga ametolewa, ule ambao hata bibi Ulrich angeudaka kwa aproni. Ukamfuata Eldrick, mtoto mdogo kuliko wote, masikio makubwa. Akaukinga. Ukaingia kwenye glavu, ukatoka. Alipouokota, wale wawili walikuwa wameshamaliza mzunguko, pointi mbili. Nne kwa tatu. Mechi imekwisha.

Kusema kweli nililia. Halafu likanijia jambo, nikaacha soseji ziungue, nikamwachia mteja mkate mkononi bila kitu ndani, nikakimbilia gari.

Nilimkuta uani kwa kanisa, nyasi mpaka magotini. Nikampungia mikono azime ile mashine. Akaizima.

"Usiniambie, Verna."

"Wamefungwa, shemeji. Nne kwa tatu."

Akashika mpini wa mashine kwa mikono miwili. Halafu uso ukaanza kubadilika polepole, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamshwa.

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Wewe ulikuwa hapa unanyoa kanisa."

"Sikutazama. Sikusikiliza hata redio. Uliza Arlene!"

"Najua."

"Na wamefungwa!"

"Wamefungwa."

Haki ya Mungu, yule mzee wa miaka sitini na saba alirusha kofia juu. Akanikamata mikono, akanizungusha pale mbele ya mlango wa kanisa. "Si mimi!" akawa anapiga kelele. "Verna, si mimi! Haijawahi kuwa mimi! Wabelgiji walikuwa wabovu tu!" Nami nikazunguka naye, mjinga mwenzake, tukicheka machozi, miaka ishirini na moja imemdondoka mabegani.

Ndipo akasimama ghafla. "Watoto wanalia?" akauliza.

"Wanalia sana."

"Ee Mungu wangu. Nami nacheza." Akaenda kuiokota kofia, akaishika kifuani kama yuko msibani. "Nipeleke."

Tuliwakuta nyuma ya mabweni yao, wamekaa kwenye nyasi na jezi zao chafu, hakuna anayemtazama mwenzake. Merle alisimama mbele yao, suruali yote kijani. Giandro ndiye aliyeinua kichwa kwanza, macho yamevimba. Akasema neno kwa lugha yao.

"Anauliza kama tumbo limepoa," kocha akatafsiri.

Nilidhani Merle atadanganya. Mimi ningedanganya.

"Waambie sikuwa mgonjwa," akasema Merle. "Waambie niliogopa. Nilifikiri nikija nitawafungisha."

Kocha akawaambia. Mmoja akasema kitu, na watoto wote wakacheka katikati ya kilio, isipokuwa Eldrick.

"Wanasema wewe hukudondosha mpira," akasema kocha. "Wanasema ungekuwepo ungekaa tu, unatafuna jojo."

Merle naye akacheka, akafuta pua. Nikaona ameanza kujisamehe. Lakini Eldrick alinyanyuka, akaja mpaka mbele yake, akaongea huku anaangalia viatu. Aliongea kirefu. Kocha alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasemaje?" Merle akauliza.

"Anasema, alipoudondosha alirudi kwenye benchi, na wenzake hawakumsogelea. Mimi nilikuwa nampa mkono kocha wa Texas. Akakumbuka uliniambia siku ya kwanza, nami nikawaeleza, kwamba watoto wako wote wa miaka yote wamewahi kufungwa, kwa hiyo wewe ndiye unayejua inavyouma. Akakutafuta." Kocha akakohoa. "Anasema hakuwa anakutafuta ili washinde."

Zile timu zote, yule Mmeksiko wa kidole, wale Wabelgiji wa kumi na tisa kwa sifuri, kila mmoja alilia mtu huyu akiwa pembeni yake, na sisi mjini tulikuwa tunahesabu mechi tu. Mmoja tu ndiye aliyelia peke yake, wa mwaka huo.

Merle akaketi chini kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili, akapigapiga nyasi pembeni yake mpaka mtoto akakaa.

"Nisamehe," akamwambia. "Sasa nimekuja. Nisimulie, ulikuja upande gani huo mpira?"

Eldrick akanyoosha mkono juu kumwonyesha. Mimi nikageukia ukutani, maana sijawahi kulia mbele ya shemeji yangu na sikutaka kuanza siku ile.