Mkwe Wangu Mbele ya Meza ya Waamuzi

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki kuambiwa nipunguze. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya mwamuzi wa mashindano ya magari huku kwetu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu Manyatta, nikaenda Kiritiri kutazama magari yakikimbizana kwenye vumbi, nikapiga kelele kwamba dereva fulani amembania mwenzake njia. Nilipiga kelele mpaka msimamizi mmoja akaniambia, "Mwalimu, kama unajua sheria kutushinda, njoo ukae hapa." Nikaenda nikakaa.

Sheria yenyewe si ngumu. Magari mawili yakiingia kona yakiwa sambamba, kila dereva amwachie mwenzake nafasi ya kutosha gari moja. Ukimsukuma nje, unaadhibiwa. Ugumu ni watu. Kila aliyesukuma anasema aliteleza, na kila aliyeteleza anasema alisukumwa.

Siku hiyo tulikuwa waamuzi watatu ndani ya chumba cha mabati kando ya uwanja. Joto, jameni! Aliyeshtakiwa alikuwa mume wa binti yangu, kijana wa Kangeta, kule Meru, ambaye kazi yake ni kuendesha pikapu ya miraa. Msimu huo alikuwa ameshaonywa. Akipatikana na kosa tena, angenyang'anywa leseni ya mashindano mwaka mzima, na mbio ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikifurahia mpaka anacheka peke yake.

Utauliza nilitafuta nini kwenye meza hiyo. Nilisema mapema kwamba huyu ni mkwe wangu! Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu, tukimwondoa kila mwenye jamaa, nani atabaki? Mbuzi?" Kisha akamgeukia kijana, maana ni lazima mshtakiwa aulizwe kama anamkataa mwamuzi yeyote. Sasa wewe niambie, mwanamume wa Meru atamkataa mama mkwe wake mbele ya watu? Kwetu mkwe ni muthoni. Hamtazamani usoni, hambishani hata juu ya mvua. Akaangalia viatu vyake akasema, "Simkatai mama." Basi tukawa tumefungiwa humo sote wawili.

Mlalamishi alikuwa dereva wa Embu mjini. Alidai amegongwa ubavuni, akatoka njiani, akaishia kwenye miiba. Magari yote mawili yalikuwa yamebonyea tangu zamani, kwa hivyo hayakutuambia kitu. Vumbi nalo lilikuwa limewaziba macho wapeperusha bendera waliosimama konani.

Lakini mimi, kutoka jukwaani, nilikuwa nimeona jambo moja. Kabla ya kona, taa kubwa za mkwe wangu ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena. Mtu yeyote wa barabara ya Meru kwenda Embu anajua maana yake: hiyo ni miraa, pisha. Miraa ikichelewa inanyauka, kwa hivyo dereva wake hangoji mtu, na sisi tumezoea kumpisha kabla hata ya kufikiri. Nikajiambia, huyu wa Embu hakusukumwa hata kidogo. Alimulikwa, akapisha mwenyewe kwa mazoea, na sasa anaona haya kusema.

Taabu ni kwamba mwamuzi hawezi kuwa shahidi. Ilibidi kijana aseme kwa mdomo wake.

"Ulifanya nini kabla ya kona?" nikamuuliza.

"Mama aliona."

"Usiniambie niliona. Eleza!"

"Kama mama anaona nina kosa, nina kosa."

Ala! Nilitamani kumshika mabega nimtikise. Nikamwomba mwenzangu amuulize badala yangu, kijana akajibu vilevile, kichwa chini. Nikitoka nje, wanabaki waamuzi wawili na kesi haiwezi kusikizwa. Nikibaki, kijana hafungui mdomo. Wenzangu walikuwa wamegawanyika, mmoja anataka aadhibiwe, mwingine aachiliwe, wakawa wananingoja mimi. Nikimwachilia, nimempendelea mtu wangu. Nikimwadhibu, namwadhibu mtu ninayeamini hana kosa, eti kwa sababu ananiheshimu. Niliogopa, nasema wazi.

Nikavua kitambaa cha mwamuzi mkononi, nikakiweka mezani. "Mimi si mwamuzi tena," nikasema. "Mimi ni shahidi. Tafuteni jopo lingine."

Mwenyekiti akashika kichwa. "Mwalimu, ukitoka hivi hurudi."

Nilijua. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ningefanyaje? Nje watu walikuwa wameanza: mama amemwokoa mkwe wake, si mmeona? Nilipita katikati yao bila kumjibu hata mmoja, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Jopo jipya likaketi Embu, waamuzi wote wageni kutoka Nairobi. Niliingia nikaeleza zile taa. Waliponiuliza kama niliona magari yakigusana, nikasema vumbi lilinizuia. Nikatoka, mkwe wangu akaingia. Binti yangu alikuwa nje kwenye benchi, akanishika mkono. Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu. Nimepoteza kiti, sawa, lakini hatimaye kijana yuko mbele ya watu anaoweza kuwabishia.

Hakukaa sana ndani. Karani wa jopo akatoka kutuambia yaliyopita. Kijana ameulizwa, akajibu bila kusita. Ndiyo, alimulika. Mwenzake hakupisha. Basi akamgonga ubavuni, kwa makusudi, na anaomba msamaha. Leseni imechukuliwa, mwaka mzima.

Binti yangu akauachilia mkono wangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nimewafundisha watoto msemo huo miaka na miaka, na sikuusikia ulipokuwa unanijia mimi. Kumbe siku ile kwenye mabati alikuwa ameniambia ukweli wote: nina kosa. Mimi ndiye niliyeamua kwamba ni heshima tu.

Siku hizi akija kwangu na binti yangu, analeta sukari na majani chai, anainama, anauliza kama magoti yananiuma. Maneno ninayo, makali, ya kumtosha mpaka jioni. Lakini muthoni hakemewi. Ninamwambia karibu, ninampelekea chai sebuleni, kisha ninaenda kunywa yangu jikoni.