Ukurasa wa Waliokwama

Saruni, fundi wa magari wa Kitengela, ndiye aliyeanzisha klabu ya wapenzi wa magari ya Pijo kwenye mtandao. Desturi yao ilikuwa moja: ukikwama, unaandika kwa simu uko wapi, kwenye ukurasa wa waliokwama, na aliye karibu anawasha gari kukufuata.

Kisha wakajaa watu wa kusoma tu, wasiomsaidia mtu. Saruni akakasirika, akafunga kila ukurasa. Asiyelipa ada asiingie.

Abdihakim, mfanyabiashara wa mbuzi na mwanachama wa tangu mwanzo, alimpigia simu. "Fundi, mimi undugu siulipii."

"Basi kaa nje, mzee."

Siku moja wiki hiyo mvua ilinyesha mchana kutwa. Jioni Saruni akafungua ukurasa wa waliokwama, akaukuta mtupu. Akamwambia mkewe Zipporah kwamba leo hakuna aliyepata shida.

Zipporah akamgeukia. "Mama Fartun amepiga. Bwana yake, Abdihakim, alimwambia mchana amekwama mtoni huko Oltepesi na maji yanapanda, lakini asijali, anawaandikia nyinyi. Sasa hapatikani kwa simu. Aliwaandikia?"

Saruni akautazama tena ule ukurasa mtupu, aliokuwa ameufunga kwa mkono wake.