Kitambaa Chekundu

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu niliambiwa faili langu limepotea. Mume wangu nilikuwa nimempoteza mwaka mmoja kabla, na yeye harudi. Faili niliapa kulipata.

Ndani mlikuwa na cheti chake cha kifo, barua ya chifu na ramani ya shamba letu la chai, ambamo tulimzika, juu karibu na njia. Bila karatasi hizo mahakama isingeniandika mrithi. Shemeji yangu alikuwa ameshapiga vigingi vya ua hadi hatua chache kutoka kaburini.

Kwetu kila mchumaji hufunga kitambaa chake kwenye gunia, ili kwenye kituo cha kupimia asibebe mtu la mwenzake. Siku nilipofungua kesi ya mirathi niliona mafaili yamerundikwa vivyo hivyo, kama magunia. Kesho yake nikarudi na mkono wa sweta nyekundu ya marehemu, aliyoinunua sokoni Chepseon, nikafunga faili langu kwa fundo la chai, lile lisilolegea hata kwa mvua.

Karani alicheka. "Mama, hapa si kituo cha chai."

"Najua. Kule gunia halipotei."

Halafu wakaja wageni kutoka ng'ambo kusaidiana na watu wa mahakama zetu kuingiza kesi kwenye kompyuta. Sitawasema vibaya. Jirani yangu, aliyezoea kwenda kuuliza tarehe na kurudi mikono mitupu, siku hizi anaipata kwa simu. Ni mimi tu niliyekosekana.

"Haliko kwenye mfumo," karani aliniambia Jumatatu hiyo. "Anza upya, mama."

Kuanza upya kulitaka barua nyingine ya chifu. Yule wa kwanza alikuwa amestaafu, na huyu mpya hunywa chai kwa shemeji. Nikakaa kwenye benchi. Jumanne nikakaa tena.

Jumatano wageni walikuja kukagua kazi. Karani akatoka mbio.

"Mama, hebu ngoja nje kidogo, wageni wanapita."

"Wapite. Mimi nimefika kabla yao."

Mgeni mmoja, mama mwenye mvi aliyesemekana kwao ni hakimu, akasimama mbele yangu na kuuliza nina shida gani. Nikamweleza kwa Kiswahili. Karani akatafsiri, na nikasikia akisema kwamba ninawashukuru. Niliishia darasa la saba, lakini shukrani za Kiingereza nazijua.

"Sijashukuru mtu," nikasema. Kisha nikakusanya Kiingereza changu chote, nikamwambia mwenyewe kwamba mume wangu amekufa, faili limepotea, na mimi sitoki hapa.

Karani akatazama viatu vyake. Mgeni akauliza faili linafananaje. Nikamwambia lina kitambaa chekundu.

Tukaingia stoo ya nyuma. Nililiona kabla hawajawasha taa, chini ya rafu, peke yake. Wafanyakazi walikuwa wameagizwa wafungue kila kilichofungwa kabla ya kupiga picha karatasi. Fundo langu liliwashinda, wakaliweka faili kando, wakalisahau.

"Umeona, mama?" karani akasema. "Ni kitambaa chako kilichotukwamisha."

Ni kweli, na siwezi kusema vingine. "Na ndicho kilichonionyesha," nikamjibu. "Nyinyi mngelipata lini?"

Akainama, akalivuta faili kutoka chini ya rafu, akanikabidhi.

Nililifungua fundo mwenyewe kwa meno. Nikasimama hapo hapo mpaka karatasi ya mwisho ikaingia kwenye mashine, barua ya chifu wa zamani ikiwemo. Nikapewa tarehe ya kusikizwa. Vigingi vya shemeji bado vimesimama hadi ninapoandika haya.

Karani alichukua kitambaa akitaka kukitupa kwenye pipa la taka. Nikamnyang'anya, nikalizungushia faili tena. Alinitazama kidogo, kisha akaweka kidole katikati ya fundo, nami nikakaza.