Kovu ya mama kwenye tisheti za kilio

Leo mama mudogo amenipiga mpaka damu, mbele ya sanduku ya maiti ya mama yangu.

Sababu? Picha ya mama kwenye tisheti za kilio. Niliisafisha na akili bandia. Watu wote walisifu, eti ametoka kijana!

Mama mudogo yeye akanizaba kofi. "Kovu ya dada yangu iko wapi?"

"Mashine njo iliifuta, mama mudogo."

Kofi ya pili ikanilaza chini.

"Aliungua shavu akikutoa wewe kwenye moto!"

Akaenda kuokota kaa iliyozimika jikoni, akarudi, akachora kovu kwenye picha ya tisheti niliyovaa, palepale kifuani mwangu, akikandamiza mpaka ngozi ikachubuka.

Nikaangalia. Mama huyu hapa.

Semeni kama alikosa.

Tangu mama afe sikuwa nimelia. Hapo njo nililia.