Fuwele Inayochoka kwa Mionzi

Sikuondoka Baleni kwa matembezi. Binti yangu Mwanahawa, aliyekuwa akisomea kemia Moscow, aliniandikia kwamba huenda akarudi bila shahada: picha zake zinaharibika na muda wake unakwisha Desemba. Kijiji kilipotakiwa kutoa mwanamke mmoja wa kwenda huko katika msafara wa kirafiki, niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Barua ile niliisoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikuwa nimekihitimu.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1975, nilipokwisha kufunga sita za baada ya Ramadhani, nilipanda ndege ndogo Kilindoni. Dar es Salaam tuligawiwa makoti.

Jumatatu tulifika Moscow. Mwanahawa alinipokea hotelini.

“Shikamoo mama. Mbona umenenepa hivi?”

“Marahaba. Si unene, ni kanga tatu chini ya koti. Wewe ndiye umekonda kama kijiti cha muhogo.”

Jumatano alinipeleka maabara. Ndani ya mrija mwembamba wa kioo alinionyesha chembe ing’aayo, ndogo kuliko punje ya chumvi: fuwele ya protini. Eksirei huipitia, ikaacha madoa kwenye filamu, na kwa madoa hayo wasomi hujua protini ilivyojengeka.

“Mionzi ya nguvu ndogo hutoa madoa bayana,” alieleza, “lakini mingi hunaswa ndani, ikaivunja fuwele. Ya nguvu kubwa hupita tu, ila madoa huwa hafifu.”

Akapanga filamu mezani kwa tarehe. Za mwanzo zilijaa madoa. Za mwisho zilikuwa karibu tupu.

“Zote za fuwele moja?”

“Moja. Siku kumi na moja.”

“Na hizi?” Kisahanini mlikuwa na chembe nyingine nyingi.

“Hizo nzima. Mwalimu wangu ananihimiza nibadilishe, lakini hii haijaisha, mama. Ina madoa bado.”

Jikoni kwangu nazi ilikamuliwa tui la kwanza, la pili, la tatu. Aliyetupa machicha mapema nilimfinya. Huyu nilimfinya mara nyingi.

“Mwanahawa, tui la tatu lina nini?”

“Maji.” Akacheka. “Lakini wewe ulituambia linatosha.”

“Niliwaambia hivyo kwa sababu baba yenu alikwisha kufa nanyi mlikuwa wanne. Halikutosha.”

Maneno hayo sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu. Alinitazama, akazima mashine, akautoa mrija.

“Nitupe kweli?”

“Tupa. Nami niko hapa.”

Jumamosi, tarehe 1 Novemba, siku ya kurudi, alinisindikiza uwanjani. Alikuwa kwenye fuwele ya nne.

Desemba ilifika simu ya maandishi: “Picha zimetimia, mama.” Miaka yote nilijivunia kwamba wanangu hawatupi kitu. Safari hii ilinifunza kwamba mtoto aweza kuuchukua umaskini wa kwao hadi mahali ambapo haupo, akautunza kama amana. Na aliyemkabidhi ndiye apaswaye kwenda kuupokea.