Swala wa Mwisho Kuvuka

Harufu ya leleshwa hunirudisha Solai haraka kuliko picha yoyote. Ni kichaka cha majani ya kijivu, na kikipondwa na gurudumu asubuhi kingali na umande, hutoa harufu kali inayokaa puani mpaka saa nne. Changanya harufu hiyo na ya petroli, kisha uongeze ya maziwa mabichi yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, na utakuwa umepanda lori la baba yangu katika miaka ya hamsini, tukitoka shamba la mzungu kupeleka maziwa Nakuru mjini. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, mlima Menengai ukiwa mkono wa kulia na jua likipanda mkono wa kushoto, na mikebe ya maziwa ikigongana njia nzima. Nilikuwa na miaka tisa. Niliipenda safari hiyo kuliko Krismasi.

Baba alikuwa dereva, na katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, hilo halikuwa jambo dogo. Wanaume wengine walikamua, wengine walipalilia mahindi; baba alivaa viatu. Jumamosi na siku za likizo alinipandisha kiti cha mbele, upande wa kushoto, nami nikapita mbele ya nyumba za wenzangu nikiwa nimenyoosha shingo kama mke wa chifu. Wala sikuwa abiria wa bure. Barabara ile ilikuwa na wanyama wengi, kongoni, ngiri, punda milia na swala wasio na idadi, na baba aliwahi kumgonga kongoni akapinda bampa yote, Bwana, yule mzungu mwenye shamba, akafoka wiki nzima. Tangu hapo alitaka macho ya pili. Kazi yangu ilikuwa kutazama upande wa kushoto na kusema "Baba, mnyama!" kabla mnyama hajafika barabarani. Akipunguza mwendo na mnyama akapita salama, alinipiga kikofi kidogo cha begani bila kunitazama. Kikofi hicho kilinitosha siku nzima, na sikukusudia kukigawana na mtu.

Kisha akaja Nekesa. Alikuwa binti wa kaka yake baba, aliyefariki nyumbani Bungoma, na mama yake alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Alifika wakati wa kuvuna mahindi akiwa na gauni moja na ukimya mwingi, amenizidi mwaka mmoja kwa umri na nusu kichwa kwa urefu. Kwetu mtoto wa ndugu ya baba haitwi binamu. Ni mtoto wa nyumba, na kama ni yatima, nyumbani kwetu alitangulizwa katika kila kitu ili marehemu asinung'unike huko aliko, na majirani huku wasipate la kusema. Alipakuliwa ugali kabla yangu. Alioga kabla yangu, maji yakiwa bado moto. Blanketi yetu ilikuwa moja, na upande wa ukutani, ule usio na baridi, ukawa wake. Hayo yote niliyameza. Sikuweza kumeza kwamba alimwita baba yangu Baba. Si baba mkubwa, si baba mdogo. Baba tu, jinsi nilivyomwita mimi, na baba aliitika kwa sauti ileile. Mara ya kwanza nilipomsikia akiitika, nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo nikang'oa nyasi mpaka vidole vikauma.

Na bila shaka akapewa kiti cha mbele. Mama alisema mtoto ametoka mbali, hajazoea baridi ya huku, atakohoa akikaa nyuma. Baba akaniambia, "Nasimiyu, wewe ni mwenyeji. Utasimama nyuma, ushike chuma. Utaona mbali kuliko sisi. Ukiona kitu, gonga bati la paa haraka haraka, usingoje." Alisema hayo kama mtu anayenipandisha cheo. Mimi nilijua nimeshushwa. Nilisimama kati ya mikebe, mikono kwenye chuma kilichokuwa baridi kama maji ya mtoni, kidevu kikifika juu kidogo ya paa la lori, na vumbi likinigeuza mzee mwenye mvi. Kupitia kidirisha kidogo cha nyuma niliona visogo viwili, cha baba na cha Nekesa. Wakati mwingine kisogo cha baba kiligeuka kushoto, na nilijua anamwambia kitu. Nilijaribu kukisoma kitu hicho kwenye shavu lake. Siku moja niliona mkono wake ukitoka kwenye usukani ukampiga kikofi cha begani. Nilimwonea Nekesa wivu hadi nikatapika chai pembeni ya mkebe, siongezi chumvi, nikasema ni mashimo.

Kiangazi kilikuwa kikali baada ya Krismasi ile, na wanyama walikuwa wakivuka asubuhi kufuata maji. Baba alikuwa na sheria yake, na alitufundisha sote wawili. Alisema kundi la swala si hatari, kundi unaliona. Hatari ni yule aliyebaki nyuma, kwa sababu akiona wenzake wameshavuka ng'ambo hupatwa na wazimu, hurukia barabara bila kutazama. Kwa hiyo kundi likipita, hesabu kumi kwanza ukitazama vichakani, ndipo uondoke. Asubuhi ile kundi lilitokea mahali leleshwa ilipokuwa imesongamana karibu na reli. Baba akapunguza mwendo mpaka lori likawa linatambaa. Wakapita, kumi na zaidi, vikwato vikitoa vumbi jepesi. Nilimwona Nekesa amepeleka uso kwenye kioo, kiganja juu ya macho kuzuia jua lililokuwa likimchoma moja kwa moja. Akatikisa kichwa kuwa hakuna. Baba akaongeza moto.

Mimi nilikuwa juu. Nilimwona. Alikuwa amesimama nyuma ya leleshwa, jike dogo, masikio yote mawili yameelekea ng'ambo walikokwenda wenzake, na mguu mmoja wa mbele ameuinua. Nekesa asingeweza kumwona kutoka kule chini, hata kama jua lisingekuwepo. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya bati. Nimelirudia jambo hili maisha yangu yote na sitaki kulipamba. Sikuganda kwa hofu wala sikuchelewa. Niliwaza, kwa maneno kamili kabisa: acha leo yeye ndiye ashindwe. Niliwaza baba atafunga breki kwa ghafla, atakasirika, atasema Nekesa hana macho, na kesho nitarudi mbele. Sikuwaza zaidi ya hapo. Mkono ukabaki juu ya bati, haukugonga.

Swala aliruka juu. Hakupigwa na bampa. Alitua kwenye kioo upande wa kushoto. Nilisikia mlio kama gunia la mawe limemwagwa, nikarushwa kwenye mikebe, mfuniko ukafunguka na maziwa yakanimwagikia tumboni. Lori lilisimama limekaa mshazari. Nilipoinuka, baba alikuwa ameshazunguka upande wa pili na amefungua mlango. Alimtoa Nekesa uso mzima ukiwa damu. Nilidhani amekufa. Kisha nikamsikia akilia, "Baba, sikumwona! Baba, sikumwona!" na baba akamwambia, "Nyamaza mama yangu, nyamaza, hata mimi sikumwona." Alimwita "mama yangu". Akainua macho akaniona nimesimama juu na maziwa yakinichuruzika. "Nasimiyu, wewe umeumia?" Nikasema hapana. "Ulimwona?" Nikasema, "Hapana, Baba." Hakuuliza mara ya pili. Alinigeuzia mgongo akakimbia na Nekesa mikononi kuelekea kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako nyapara alikuwa na sanduku la dawa. Aliacha lori, aliacha maziwa ya Bwana yakimwagika, na aliniacha mimi. Miguu ya Nekesa ilikuwa mirefu, ikining'inia na kupigapiga kwenye mapaja ya baba. Nilitazama mpaka wakapotea kwenye kona.

Nilibaki na swala. Alikuwa ameanguka ukingoni, bado anapumua, na jicho lililokuwa juu lilikuwa limefunguka na nzi wameshalijua. Wenzake walikuwa wamesimama mbali ng'ambo, wote wametugeukia. Nilishuka nikawafukuza nzi kwa tawi la leleshwa, muda mrefu, hata baada ya kupumua kukoma. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa ajili ya Nekesa, au hata kwa ajili ya swala. Nililia kwa sababu ya ile miguu mirefu. Nilikuwa na michubuko magotini na kiwiko kimevimba, na niliwaza: laiti ningesema nimeumia, labda baba angetubeba sote wawili.

Mengine yalikwenda upesi. Nekesa alishonwa nyusi ya kushoto mjini, jicho likapona. Bwana alikuja na gari lake dogo, akatazama kioo, akatazama mikebe, akamwambia baba mbele yetu, "Wewe hapana angalia barabara? Toto hapana panda lori tena. Yote hapana panda." Baba akavua kofia akasema, "Ni makosa yangu, Bwana. Sikuhesabu kumi." Hakusema mtoto ndiye aliyetumwa kutazama. Hakumtaja yeyote. Akapokonywa lori, akapewa trekta ya kulimia, na mpaka mvua za masika zilipoanza alikuwa akirudi jioni amefunikwa udongo mwekundu, viatu ameviacha nyumbani. Mimi nilijua hesabu ya kweli, nami nilimpokea kila jioni na maji ya kunawa. Kuhusu swala, wanaume wa laini walimchukua kimyakimya kabla Bwana hajafika, na jioni mguu na ini vililetwa kwetu vimefunikwa majani. Mama alikaanga ini akampa Nekesa lote, mgonjwa na yatima. Hata kwa hali ile, nikijua niliyoyajua, nilimwonea wivu wa ini.

Sasa mimi ni nyanya wa watu. Barabara ya Solai ina lami, na leleshwa zimefyekwa kuwa mashamba ya mahindi na nyumba za mabati ya rangi. Wanyama wamefungiwa mbugani nyuma ya waya wa umeme, na ukitaka kuwaona unalipa getini. Mjukuu wangu anapita pale kwa mwendo ambao baba angeuita kichaa, hana wa kumtazamia vichaka wala hahitaji. Mwaka jana alitupeleka mimi na Nekesa kwenye harusi kule juu Solai, sisi vikongwe wawili tumekaa nyuma, na tulipofika karibu na reli ya zamani Nekesa akaanza kumsimulia. Husimulia kila mara tukipita hapo. Hugusa nyusi yake, penye kovu ambalo sasa limechanganyika na mikunjo mingine, husema jinsi jua lilivyomzuia, jinsi Baba alivyokimbia naye mpaka akakosa pumzi, jinsi alivyosikia moyo wake ukipiga kupitia koti. Nilikuwa nimemsikiliza miaka sitini na kitu. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikasema, "Nekesa, mimi nilimwona yule swala. Nilimwona mapema. Sikugonga."

Mjukuu alinitazama kwenye kioo. Nekesa aliushusha mkono kutoka kwenye nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilistahili, na nilikuwa na hamu nayo kidogo, maana tusi lingemaliza deni. Hatimaye akauliza, "Kwa sababu ya kile kiti?" Nikasema ndiyo. Akatazama nje dirishani. "Mimi kabla ya siku ile nilikuwa nikimwita Baba kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa," akasema. "Aliponibeba ndipo akawa baba yangu. Sasa ningekuchukia vipi, dada? Wewe ndiye uliyenipa baba." Akanishika mkono, akaushikilia mpaka tulipofika, na machozi yakanitoka. Mjukuu akadhani ni ya kusamehewa.

Hayakuwa hayo. Usiku na mchana tangu safari hiyo nimekuwa nikipekua kumbukumbu zangu kutafuta siku ambayo baba alinibeba mimi. Lazima ipo. Nilikuwa mtoto mchanga, nilijifunza kutembea, niliugua surua. Lazima mikono ile ilinichukua mara mia. Lakini Nekesa anaikumbuka yake, pamoja na mapigo ya moyo na lile koti. Mimi sikumbuki hata moja.